Kupima isotopu za mvuke wa maji hewani: mwongozo wa anayeanza

Maswali kuhusu kazi hii hurudi yaleyale. Mashine ya leza ya kupimia imefika, imewashwa, na inaandika namba kila sekunde: je, hizo ndizo namba za kuchorea grafu? Mbona ziada ya deuteri imeruka hadi 40 usiku wa manane? Maji rejea, yaani maji ambayo isotopu zake zinajulikana, ya nini tena, ikiwa mashine ilishapimwa kiwandani? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia mdomo wa kunyonyea hewa hadi grafu ya mwisho.

Msimamo wangu ni huu, na hatua zote zinauzunguka: leza hufanya kazi yake vizuri. Data huharibiwa na neli iliyopoa, na maji rejea yaliyovukizwa nusunusu, na haraka ya kuiamini skrini. Ukiulinda mvuke usibadilike njiani, na ukajua mashine yako inakosea kiasi gani, utaweza kuuliza mambo ambayo kipimamvua na kipimajoto haviwezi kuyajibu. Maji haya yaliyo hewani yametoka baharini au yametoka kwenye majani ya miti? Yameshapunguzwa na mvua kiasi gani huko yalikopita? Je, kuna matone yaliyovukizwa tena kabla ya kugusa ardhi?

Nadharia ya kuanzia tu

Isotopu ni atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito. Molekuli nyingi za maji zina haidrojeni ya kawaida na oksijeni-16. Chache zina oksijeni-18, au zina deuteri, yaani haidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada. Katika maji ya bahari, kwa kila atomi milioni moja za oksijeni-16 kuna takriban 2,005 za oksijeni-18, na kwa kila milioni moja za haidrojeni ya kawaida kuna takriban 156 za deuteri. Isotopu hizi ni thabiti, hazina mionzi.

Molekuli nzito huelekea kubaki majini, na mawinguni ndizo zinazotangulia kuwa matone. Nyepesi huelekea kubaki mvuke. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, mvuke uliotulia juu ya maji katika chombo kilichofungwa huwa na oksijeni-18 pungufu kwa karibu 10‰ na deuteri pungufu kwa karibu 78‰ kuliko maji hayo. Alama ‰ ni sehemu kwa elfu, na vipimo vyote hulinganishwa na kipimo cha kimataifa kiitwacho VSMOW: thamani ya δ ni uwiano wa isotopu nzito kwa nyepesi katika sampuli ukigawanywa kwa uwiano wa VSMOW, utoe 1, uzidishe kwa 1,000. Hasi maana yake ni nyepesi kuliko VSMOW. Mvuke wa hewani karibu wote una thamani hasi, kwa hiyo usishtuke.

Kitu cha tatu ni ziada ya deuteri, inayoandikwa d: chukua δ2H (δ ya deuteri) utoe mara 8 ya δ18O (δ ya oksijeni-18). Willi Dansgaard aliieleza mwaka 1964, akiijenga juu ya mstari wa Harmon Craig wa 1961, ambao unasema mvua duniani hufuata takriban δ2H = 8 × δ18O + 10. Kwa hiyo d ya mvua nyingi iko karibu na 10. Uvukizi ukitokea kwenye hewa kavu, mvuke unaozaliwa huwa na d kubwa. Ukitokea kwenye hewa yenye unyevu mwingi, d hupungua. Hiyo inatosha kuanzia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Spektromita ya leza inayopima δ18O, δ2H na kiasi cha maji hewani kwa wakati mmoja.
- Neli za tefloni, shaba au chuma cha pua. Nailoni usiiguse: hunyonya maji na kuyatoa polepole, na kila kipimo kitabeba harufu ya kilichotangulia.
- Mkanda wa umeme wa kupasha neli joto, sponji ya kuhifadhi joto, na kidhibiti joto.
- Pampu ya pembeni ya kuvuta hewa kwa kasi, na chujio la vumbi.
- Maji rejea ya aina tatu ambayo thamani zake zinajulikana na zimefungamanishwa na VSMOW2 na SLAP2, maji ya kimataifa yanayotolewa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) lenye makao Vienna. Usiyatumie maji hayo ya kimataifa kila siku. Yatumie kupimia maji rejea yako mwenyewe, kisha yafunge.
- Kifaa cha kuvukiza maji rejea, na hewa kavu ya kuyabebea.
- Vipima hali ya hewa karibu na mdomo wa neli: joto, unyevu, kanieneo, upepo na mvua.
- Umeme usiokatika ghafla, pamoja na betri ya akiba.
- Daftari. La karatasi. Kila chujio kinapobadilishwa na kila dirisha linapofunguliwa, kiandikwe.

Huna leza? Bado unaweza kufanya kazi nzuri kwa mtego wa baridi. Hewa hupitishwa kwenye neli ya kioo iliyozamishwa katika mchanganyiko wa barafu kavu na ethanoli, ambao hufika karibu nyuzi −78, mvuke ukaganda humo, kisha barafu hiyo huyeyushwa na kupelekwa maabara. Sharti ni moja na halina mjadala: mvuke wote unase. Ukinasa sehemu tu, molekuli nzito ndizo zitakazotangulia kuganda, na sampuli yako itakuwa nzito kuliko hewa uliyoipima. Funga mtego wa pili nyuma ya wa kwanza. Ukiona umande au barafu ndani yake, punguza kasi ya hewa. Barafu ikiyeyuka, yachanganye maji yote vizuri kabla ya kumimina, na chupa ifungwe papo hapo.

Hatua kwa hatua

1. Andika swali lako kwa sentensi moja. Swali ndilo linaloamua mpangilio wa neli. Ukitaka kutenganisha maji yanayovukizwa kutoka udongoni na yale yanayotoka kwenye majani, unahitaji midomo kadhaa kwa urefu tofauti juu ya shamba au msitu, na vali ya kubadilisha kati yake. Ukitaka kujua asili ya unyevu unaoleta mvua, mdomo mmoja uliowekwa juu mahali palipo wazi unatosha, lakini uache upime misimu yote. Ukitaka uvukizi wa ziwa, pima upande upepo unakotoka na pia upande unakoelekea. Walioanza bila swali huishia na data nyingi isiyotenganisha chochote.

2. Chagua mahali pa mdomo. Uweke mbali na matundu ya viyoyozi, mabomba ya moshi, na mapaa yanayotuama maji. Hewa inayotoka kwenye pampu yako mwenyewe ielekezwe mbali pia. Funika mdomo kwa kikombe au faneli iliyogeuzwa chini ili mvua isiingie, na uweke wavu mwembamba wa kuzuia wadudu. Tone moja la mvua likiingia ndani ya neli, litatoa mvuke wake wa uongo kwa muda mrefu baada ya mvua kwisha.

3. Jenga neli fupi, yenye joto, yenye kasi. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mvuke ukigusa ukuta wenye baridi kuliko joto la umande (joto ambalo mvuke huanza kugeuka matone), baadhi yake hugeuka matone, na molekuli nzito ndizo zinazotangulia. Kilichobaki kwenda kwenye leza ni chepesi kuliko hewa ya nje. Pasha neli nzima joto, walau nyuzi 10 juu ya joto la umande la juu kabisa unalolitarajia mahali hapo. Kisha tafuta sehemu zilizosahaulika: viungio, chujio, vali, na pale neli inapopenya ukuta. Katika nchi za joto mtego mkubwa ni chumba chenye kiyoyozi. Nje joto la umande ni nyuzi 24, ndani umeweka nyuzi 20 ili mashine isichemke. Sentimita chache za neli isiyopashwa ndani ya chumba hicho zinatosha kutengeneza matone.

Kasi nayo. Neli ya mita 20 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 ina ujazo wa mililita 250 hivi. Ikiwa mashine inavuta mililita 40 tu kwa dakika, hewa itakaa njiani zaidi ya dakika 6, ikichanganyika na kushikana na kuta. Weka pampu ya pembeni inayovuta lita 5 kwa dakika, na mashine ichote kidogo chake karibu na mwisho wa neli: sasa hewa inakaa sekunde 3.

4. Jaribu uvujaji. Ingiza hewa kavu kwenye mdomo wa neli na uangalie kiasi cha maji kwenye skrini. Kinapaswa kushuka, kishuke, kitulie chini sana. Kikigoma, kuna mahali hewa ya chumbani inaingia. Pitisha kitambaa chenye maji ya moto karibu na kila kiungio, kimoja baada ya kingine, huku hewa kavu ikiendelea kupita. Kiungio kinachovuja kitajitangaza: unyevu utapanda sekunde chache baadaye.

5. Washa mashine uiache. Chumba cha leza ndani yake kinahitaji joto na kanieneo visivyoyumba. Iache usiku mzima. Kesho yake ilishe mvuke wa maji yaleyale kwa unyevu uleule kwa saa kadhaa, kisha kokotoa wastani wa sekunde 10, wa dakika 1, wa dakika 10, wa saa 1, uone mtawanyiko unapungua hadi wapi. Kuna mahali utaacha kupungua na kuanza kuongezeka, kwa sababu mashine imeanza kuhama polepole. Muda huo unakuambia mambo mawili: wastani mrefu kiasi gani una faida, na kalibresheni (kuisahihisha mashine kwa maji rejea) ifanywe mara ngapi.

6. Chora mkunjo wa unyevu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Spektromita ya leza hutoa δ tofauti kwa maji yaleyale kulingana na wingi wa mvuke uliomo. Kwenye hewa kavu kosa huwa kubwa sana, na mkunjo wa kila mashine ni wake peke yake. Wa jirani hautakufaa, hata kama mashine ni za aina moja.

Chukua maji rejea ya aina moja. Yavukize kwa viwango mbalimbali, mfano 3,000, 5,000, 8,000, 12,000, 16,000, 20,000, 25,000 na 30,000 ppm (molekuli za maji kwa kila milioni moja za hewa). Kila kiwango kikae dakika 20 hadi 30, na utumie dakika 10 za mwisho pekee. Usipande ngazi kwa mpangilio tu. Ruka juu na chini ili kumbukumbu ya mashine isijifiche ndani ya mkunjo. Chagua kiwango kimoja kiwe msingi, tuseme 20,000 ppm, kisha chora tofauti ya δ kutoka kwenye msingi huo dhidi ya unyevu, na upitishe mkunjo laini. Rudia kwa maji ya pili yenye thamani iliyo mbali na ya kwanza, kwa sababu umbo la mkunjo linaweza kubadilika kulingana na isotopu za maji yenyewe.

Tahadhari mbili. Kwanza, hewa ya kubebea mvuke iwe hewa kavu ya kawaida, siyo naitrojeni tupu: gesi inayozunguka maji hubadilisha umbo la mistari ya mwanga ambayo leza inaisoma, na mkunjo uliopatikana kwa naitrojeni haulingani na hewa utakayopima. Pili, mkunjo ufike kwenye unyevu wa mahali pako. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 kwenye usawa wa bahari ina zaidi ya 33,000 ppm za maji. Ukiishia 25,000, saa za mchana zenye unyevu mwingi zitakuwa nje ya kila ulichokijaribu.

7. Panga kalibresheni ya kila siku. Maji mawili yaingie kwenye hesabu, ya tatu yabaki kuwa shahidi: yanapimwa kama sampuli, hayarekebishi chochote, na tofauti kati ya thamani yake halisi na uliyopata ndiyo kipimo cha ukweli wa kazi yako.

Maji mawili ya hesabu yauzingire mvuke wako, moja juu yake na moja chini yake. Wengi hukosea kwa kuchukua maji ya bahari na maji ya mvua, wakasahau kwamba mvuke ni mwepesi kuliko yote mawili. Kama mvua ya mahali ina δ18O ya −3‰, mvuke uliotulia nayo kwa nyuzi 25 uko karibu −12‰. Basi tafuta maji mamoja karibu na 0 hadi −5‰, na mengine ya −20‰ au chini zaidi.

Pima kila maji kwa dakika 20 hadi 30, mara moja au mbili kwa siku, kwa unyevu unaokaribiana na wa hewa ya wakati huo. Tupa dakika za mwanzo. Hakikisha kila tone linavukizwa lote kwa mkupuo kwenye chumba cha moto. Likibaki dimbwi dogo ndani ya kifaa, mvuke unaotoka si sawa na maji uliyoweka. Chupa za akiba ziwe za kioo, zijazwe hadi karibu na mdomo, zifungwe kwa nguvu. Na maji yaliyokwisha kutoka kwenye chupa ya akiba hayarudi humo.

8. Rekebisha data kwa mpangilio huu, usiubadilishe.

Ondoa kwanza vipindi vibovu: wakati wa matengenezo, umeme kukatika, dakika za baada ya kubadilisha vali, na saa ambazo mashine yenyewe imetoa onyo. Kisha tumia mkunjo wa unyevu, kwa data ya hewa na pia kwa data ya maji rejea. Baada ya hapo rekebisha kuhama kwa mashine, kwa kuunganisha kalibresheni ya kabla na ya baada kwa mstari. Halafu ipeleke kwenye mizani ya VSMOW-SLAP. Wastani huja mwisho.

Mfano wa kuipeleka kwenye mizani. Tuseme maji mazito yana δ18O halisi ya −1.0 na mashine imesoma −0.3. Mepesi yana −20.0 na mashine imesoma −18.9. Mteremko ni 19.0 ÷ 18.6 = 1.0215. Nyongeza ni −1.0 − (1.0215 × −0.3) = −0.69. Hewa iliyosomwa −12.0 basi ni (1.0215 × −12.0) − 0.69 = −12.95. Karibu 1‰ ya tofauti, kutoka kwenye mashine ambayo skrini yake haikuonyesha dalili yoyote ya tatizo.

Kwenye wastani kuna kosa dogo linalojirudia. Wastani wa δ lazima upimwe kwa wingi wa mvuke. Nusu saa yenye 10,000 ppm na −20‰, ikifuatwa na nusu saa yenye 20,000 ppm na −11‰, haileti −15.5‰. Inaleta −14‰, kwa sababu nusu saa ya pili ilibeba maji mara mbili.

9. Kokotoa kosa la d kabla ya kuisimulia. Kosa la δ18O huzidishwa mara 8 ndani ya d. Ikiwa kosa la δ18O ni 0.2‰ na la δ2H ni 1‰, kosa la d ni kipeo cha pili cha 1 jumlisha kipeo cha pili cha 1.6, kisha kipeuo chake: karibu 1.9‰. Badiliko la d la 1‰ kati ya asubuhi na mchana, kwa mashine hiyo, halisemi kitu. La 8‰ linasema.

10. Soma grafu tatu.

Ya kwanza ni ya muda: δ18O, d, unyevu, joto, upepo na mvua, zote juu ya mhimili mmoja wa saa. Itazame kwa subira kabla ya kufanya hesabu yoyote. Upepo ulipogeuka, δ iligeuka nao? Mvua kubwa ilipopita, δ ilishuka ikakaa chini kwa saa ngapi?

Ya pili ni δ dhidi ya kiasi cha maji hewani, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hewa inaweza kukauka kwa njia mbili. Ikinyesha, molekuli nzito huondoka kwanza na δ hushuka kwa kanuni ya Rayleigh: δ mpya = (δ ya mwanzo + 1,000) × f kwa kipeo cha (α − 1), utoe 1,000, ambapo f ni sehemu ya maji iliyobaki, na α ni uwiano wa isotopu katika matone ukigawanywa kwa uwiano wake katika mvuke. Mvuke wa −12‰ ukipoteza nusu ya maji yake kwa mvua, huku α ikiwa 1.010, unafika −18.8‰. Lakini hewa hiyohiyo ikichanganywa na hewa isiyo na maji kabisa hadi unyevu upungue kwa nusu, δ inabaki −12‰. Unyevu ni uleule, historia ni mbili, na isotopu zimezitenganisha. Chora mkunjo wa Rayleigh na mkunjo wa mchanganyiko, kisha weka vipimo vyako juu yake. Vinavyokaa upande wa juu wa mkunjo wa Rayleigh vinaashiria mchanganyiko wa hewa. Vinavyoshuka chini yake vinaashiria matone ya mvua yaliyovukizwa tena, au yaliyobadilishana molekuli na mvuke wakati yakianguka. Setilaiti ya Aura, iliyorushwa mwaka 2004 ikiwa na kifaa cha TES, iliona dalili hiyo ya uvukizi wa mvua juu ya maeneo makubwa ya tropiki. Wewe unaiona kutoka kwenye mlingoti mmoja.

Ya tatu ni grafu ya Keeling, njia iliyobuniwa kwa ajili ya hewa ukaa na ikahamia kwenye maji. Chora δ kwenye mhimili wa wima na 1 ÷ unyevu kwenye mhimili wa mlalo. Mstari unapokata mhimili wa wima ndipo palipo na δ ya mvuke unaoongezwa na ardhi na mimea. Njia hii inadai mambo mawili: chanzo na hewa ya juu visibadilike wakati wa kipimo, na unyevu upishane vya kutosha kati ya urefu mmoja na mwingine. Mstari huo unanyooshwa mbali sana kutoka zilipo nukta zako, na kosa dogo hukua huko. Unyevu ukiwa umepishana kwa asilimia chache tu, iache saa hiyo.

Ukishapata δ ya mvuke wote unaopanda, sehemu iliyotoka kwenye majani ni (δ ya wote − δ ya udongo) ÷ (δ ya majani − δ ya udongo). Tuseme ni −6 kwa wote, −25 kwa udongo na −3 kwa majani: 19 ÷ 22, yaani asilimia 86 imetoka kwenye mimea. Thamani ya udongo hukokotolewa kwa mlinganyo wa Craig na Gordon wa 1965, unaohitaji joto la uso wa udongo na unyevu wa hewa. Kwa majani, wengi huchukua δ ya maji yaliyomo kwenye shina. Dhana hiyo hukaribia ukweli mchana kati, jani linapokuwa limetulia; asubuhi na jioni hailingani, kwa hiyo usiitumie saa zote.

Mambo yakienda kombo

*d inapaa sana hewa inapokauka.* Kabla ya kusherehekea, vukiza maji ya shahidi kwa unyevu uleule mdogo. Yakipaa nayo, mkunjo wako wa unyevu haufai upande huo wa chini. Yakitulia kwenye thamani yake, huenda d kubwa ni ya kweli: hewa inayoshuka kutoka tabaka za juu huwa kavu na yenye d kubwa, hasa milimani usiku.

*Unyevu wa leza ni mdogo kuliko wa kipima hali ya hewa usiku, na asubuhi unakuwa mkubwa.* Usiku mvuke uligeuka matone ndani ya neli, na jua lilipopanda yakavukizwa tena. Tupa kipindi chote hicho, cha usiku na cha asubuhi, kisha tafuta sehemu iliyopoa. Grafu ya tofauti kati ya vipimo hivyo viwili vya unyevu iangaliwe kila wiki, hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

*d inachupa kwa dakika chache kila vali inapobadilika.* Deuteri hukawia kwenye kuta za neli na za mashine kuliko oksijeni-18, kwa hiyo δ mbili hazifiki pamoja. Ongeza muda wa kila mdomo na utupe dakika nyingi zaidi za mwanzo.

*Maji rejea yanazidi kuwa mazito wiki baada ya wiki, na d yake inashuka.* Chupa inavukiza. Badilisha maji na kifuniko. Ukiyafuata tu kwa hesabu ya kuhama, utakuwa unaisingizia mashine kosa la chupa na kuihamishia data ya hewa.

*Unyevu wa maji rejea unapigapiga juu na chini.* Kuna mapovu kwenye mrija, au sindano imeziba. Chumvi kutoka kwenye maji ya bahari ndiyo huziba zaidi. Usiyatumie maji ya chumvi kama maji rejea bila kuyakeneka kwanza, na baada ya kuyakeneka yapime upya.

*Thamani za ajabu wakati wa moshi, au karibu na maabara yenye pombe.* Ethanoli na methanoli hunyonya mwanga karibu na mistari ya maji, na leza huihesabu kama isotopu. Angalia alama za ubora wa spektra ambazo mashine huziandika pamoja na data. Watu wengi huzifuta ili faili liwe dogo. Zihifadhi.

*Thamani imeruka ghafla umeme uliporudi.* Fanya kalibresheni upya kabla ya kuendelea, na utazame saa ya kompyuta. Baadhi ya mashine hurudi na saa isiyo sahihi, na data nzuri yenye saa mbovu haiwezi kuunganishwa na upepo wala mvua. Weka saa zote kwenye UTC, za mashine na za vipima hali ya hewa, na uandike daftarini dakika umeme ulipokatika na uliporudi.

*Grafu ya Keeling inatoa mvuke wa +15‰.* Hakuna udongo wala jani la kawaida linalotoa hivyo saa nzima. Mara nyingi unyevu ulipishana kidogo mno, au upepo ulileta hewa ya mahali pengine katikati ya kipimo. Rudia kwa saa zenye upepo wa upande mmoja, na ukague pia mdomo wa chini kabisa: ukiwa karibu sana na ardhi, majani yaliyolowa au umande wa asubuhi huuharibu kabla ya saa tatu.